Mbwa Wawili na Uyoga wa Sherikat

Shaba alikufa kabla ya adhuhuri juu ya meza ya daktari wa mifugo, na jua halijatua mpishi wa kambi alikuwa ameshawekwa mahabusu kwa tuhuma za kumuua.

Hayo ndiyo Inspekta Nyakuon aliyoyakuta asubuhi iliyofuata alipofika kazini. Mbwa mmoja amekufa, mwingine anapigania roho, mshukiwa yuko ndani. Mkuu wake alimwita pembeni.

"Wale si mbwa wa kulinda geti," alimwambia. "Wananusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Mtu anayetaka kuua watu bila kurusha risasi ataanza na mbwa kama hao. Nenda Gudele ukaone huyu mpishi alitumwa na nani."

Kambi ya mbwa ilikuwa nyuma ya safu ya maduka madogo ya Gudele, pembezoni mwa Juba, mahali ambapo vumbi jekundu la barabara limepaka kila ukuta rangi moja. Ndani ya geti, uwanja wote ulikuwa wa simenti, ukuta hadi ukuta, ili uoshwe kwa urahisi. Nyakuon alitembea kutoka geti hadi vizimba bila kukanyaga jani. Mbwa waliobaki walimfuata kwa macho, wamenyamaza.

Mkuu wa kambi, Emilio, alikuwa mtu mrefu mwenye mvi za masikioni. Alikulia ukimbizini Uganda, upande wa Arua, akarudi nyumbani na kazi moja aliyoijua vizuri: kumfundisha mbwa kutafuta harufu ya baruti na kuketi palepale aipatapo. Shaba alikuwa mbwa wa kwanza kufundishwa naye hapa Juba. Macho ya Emilio yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha.

"Kesi iko wazi, madam," alisema. "Juliet alipika uyoga juzi jioni, watu wakala. Asubuhi akachukua uliobaki, akachanganya na posho, ugali wa mahindi, akawawekea Shaba na Radi. Hata saa mbili hazikupita, wote wawili wakawa wanatapika. Uyoga ni sumu kwa mbwa. Kila mtu anajua."

"Mimi sijui," Nyakuon alisema. "Na watu walioula?"

"Wazima. Hata mimi niliula."

"Mbwa wengine?"

"Walikula chakula chao cha kawaida. Juliet alikuwa anawapendelea hao wawili."

"Mtu anayewapendelea ndiye aliyewaua?"

Emilio alitangulia. Alimwonyesha jikoni.

Sufuria ilikuwa bado pale, haijaoshwa tangu Juliet achukuliwe. Nyakuon aliinusa. Ilinuka karanga za kusaga, ile binyebwa ya Kiganda, na moshi. Alichota kidogo akatia kwenye chupa safi, akaifunga. Juu ya rafu alikuta mfuko wa uyoga mkavu, umebaki nusu. Alitoa kipande akakigeuza mwangani. Kilikuwa chembamba, kimekunjamana kama sikio, hakina shina la kutajika. Akauchukua mfuko wote.

* * *

Juliet alikuwa ameketi sakafuni kwenye chumba cha mahabusu, mgongo ukutani, kitambaa cha kichwa kimefunguka. Alipomwona mwanamke mwenye sare amesimama karibu naye bila kumfokea, alishangaa, akajaribu kuinuka.

"Kaa tu, dada," Nyakuon alisema, naye akavuta benchi. "Huo uyoga uliutoa wapi?"

"Soko ya Custom. Kwa duka ya Waiswa. Ile ya kukauka, inatoka kwetu Uganda. Iko ya kulimwa, ya ndani ya nyumba. Ile ya porini mimi naogopa."

"Uliupika na nini?"

"Binyebwa, na chumvi kidogo."

"Kitunguu?"

"Kitunguu iliisha. Madam, mimi hapana ua mbwa. Ile Shaba meno yake iko imeisha. Kila siku mimi naponda yeye chakula kama mtoto. Nani anaponda chakula ya mtu anataka kuua?"

Nyakuon aliiacha hasira ipite. "Nieleze asubuhi ile. Uliwawekea chakula, halafu?"

"Radi alikula yote. Shaba alinusa tu, akaenda kulala. Mate ilikuwa inamtoka mingi, kama povu."

"Povu lilikuwa pale kabla ya chakula, au baada?"

"Kabla. Yeye hapana kula hata kidogo. Mimi nilisema kwa Puok, angalia huyu mzee, iko mgonjwa. Puok akasema ni joto."

"Puok ni nani?"

"Yule anafanya kazi na hao wawili. Ndiye alipeleka wao kwa daktari na gari. Hajarudi. Analala hukohuko na Radi."

Nyakuon aliinuka. Mbwa aliyekufa hakuwa amekionja chakula kilichodaiwa kumuua. Jambo hilo lilikuwa limekaa chumbani humu tangu jana, na hakuna aliyelichukua.

"Kwa nini hukuwaambia waliokukamata?"

"Hapana mtu aliuliza," Juliet alisema. "Waliuliza tu kwa nini niliua."

* * *

Kliniki ya daktari Adhel ilikuwa karibu na soko la Custom, vyumba viwili na ua uliojaa mbuzi wa watu. Radi alikuwa chumba cha ndani, amelala ubavu juu ya blanketi, mpira wa dripu umefungwa mguuni. Alikuwa jike wa rangi ya mchanga mbichi, mbavu zikipanda na kushuka haraka. Kando yake, sakafuni, aliketi mwanamume wa makamo mwenye shati la kambi. Hakuinua kichwa.

Adhel alimvuta Nyakuon chumba cha nje na kurudishia mlango. Alikuwa amekulia Kakuma, kambi ya wakimbizi, na walielewana haraka, kwa Kiswahili kile cha Kenya ambacho wote wawili walikuja nacho nyumbani.

"Nijibu swali moja kwanza," Nyakuon alisema. "Uyoga unaua mbwa?"

"Inategemea ni uyoga gani. Huu wa kulimwa, wa dukani, ukipikwa bila kitunguu na viungo vingi, mbwa akila kidogo haumfanyi kitu. Tatizo ni wa porini. Mtu akiuona anajiuliza, anamwonyesha jirani, anaogopa. Mbwa anameza. Na kuna wa porini unaotapisha tu, na kuna unaokula ini kimyakimya wakati mbwa anacheza umdhanie amepona. Kwa macho huwezi kuutenganisha. Ndiyo maana nawaambia watu, mbwa akila wa porini usingoje aumwe. Mlete, na ulete na kipande cha uyoga wenyewe."

"Hawa walikuwa na uyoga tumboni?"

"Wote wawili." Adhel alifungua friji akatoa chupa mbili. "Hii ni ya Radi, alichotapika. Hii ni ya Shaba. Tazama mwenyewe."

Katika chupa ya Radi mlikuwa na posho, mabaki ya karanga, vipande vyembamba vilivyokunjamana. Na kati yake vipande vingine, vinene na vyeupe. Katika chupa ya Shaba hamkuwa na posho wala karanga. Kulikuwa na vile vinene vyeupe peke yake, na majani ya nyasi, na kipande kirefu cha shina chenye kitu kama ukosi mdogo umelizunguka.

Nyakuon aliweka uyoga mkavu wa Juliet kando ya chupa. Hakuhitaji kioo cha kukuzia. Ule wa Juliet haukuwa na shina, sembuse pete.

"Huu mbichi," alisema.

"Mbichi, na ulichumwa kwa mdomo. Ona nyasi. Na si hivyo tu." Adhel alimrudisha chumba cha ndani, akapiga goti, akaunyanyua mguu wa nyuma wa Radi taratibu. Kati ya vidole kulikuwa na udongo uliokauka. Ulikuwa mweusi tii, wenye kunata. "Sikuuosha. Nilijua mtu atakuja kuuliza."

Nyakuon aliutazama udongo ule, kisha akazitazama buti zake mwenyewe, nyekundu kwa vumbi la Gudele.

Mwanamume aliyeketi sakafuni alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Wewe ndiye Puok?"

"Ndiyo, madam."

"Mbwa hawa walitoka kambini asubuhi ile?"

"Hapana, madam. Hawakutoka."

Alijibu upesi mno, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekesha. Nyakuon hakumbishia. Alinyoosha mkono. "Nipe funguo za gari."

Gari la kambi lilikuwa uani, pickup yenye vizimba viwili vya chuma nyuma. Nyakuon aliyakagua magurudumu kwanza, akakuta weusi uleule umejishika ndani ya mifereji ya mipira. Kisha akafungua vizimba. Cha Shaba kilikuwa na manyoya na matapishi yaliyokauka. Katika cha Radi aliinua zulia la mpira, na chini yake, limebanwa pembeni, alikuta kofia la uyoga. Lilikuwa pana kuliko kiganja chake, jeupe, lenye magamba ya kahawia juu, na ukingo mmoja una alama za meno. Mbwa alikuwa amelibeba, akalificha kama anavyoficha mfupa.

Alilishika kwa mfuko wa nailoni, akampelekea Adhel.

"Lisingekuwa na magamba haya," Adhel alisema, "ningedhani ni ule mama yangu alikuwa anauchuma kwenye vichuguu vya mchwa. Ule ni mtamu, na hauna neno. Ngoja tuone."

Alilikata shina lililobaki, akalilaza kofia juu ya karatasi nyeupe, upande wa mikunjo ukitazama chini, kisha akalifunika na bakuli la kioo. "Uyoga unaangusha unga wake wenyewe. Ukiuacha utulie unajichora. Ule wa mama yangu unachora rangi ya maziwa, labda na wekundu wa mbali. Tusubiri."

Walisubiri. Nje wafanyabiashara walikuwa wakipakua magunia kutoka malori ya Uganda, na mbuzi mmoja mgonjwa alilia bila kukoma. Nyakuon alimpigia Emilio simu akamwambia aje. Radi aliinua kichwa mara moja, akalamba maji kwenye kiganja cha Puok, akalala tena. Puok alikifunga kile kiganja kilicholowa, hakukipangusa.

Emilio alipoingia, Adhel aliinua bakuli, kisha akalitoa kofia kwa ncha za vidole.

Kwenye karatasi nyeupe palikuwa na duara la kijani. Lilikuwa la mistari, mamia ya mistari myembamba kuliko unywele, yote ikitoka katikati kwenda ukingoni bila hata mmoja kugusa mwenzake, isipokuwa pale meno ya Radi yalipong'ata, ambapo picha ilikatika ghafla. Kijani chake kilikuwa cha majani makavu ya mchaichai. Hakukuwa na mkono wa mtu uliogusa karatasi ile. Nyakuon aligundua kwamba alikuwa amezuia pumzi ili asiupeperushe unga.

"Kijani," Adhel alisema polepole. "Nimewahi kusoma habari zake, sijawahi kuuona. Huu unatapisha mpaka maji yote ya mwili yaishe. Mbwa mwenye nguvu akipata dripu mapema anaweza kupona. Shaba alikuwa mzee."

Emilio aliinama juu ya karatasi. "Kwangu hakuna uyoga. Kwangu hakuna hata nyasi."

"Hakuna," Nyakuon alisema. "Ndiyo maana nimekuita. Juliet alipika uyoga wa dukani, na Shaba hakuuonja. Aliumwa kabla ya chakula. Gari lako lilitoka alfajiri likaenda kwenye udongo mweusi, na mbwa wako walikuwa ndani." Aligeuka. "Puok, yule mama bado yuko sakafuni mahabusu. Leo ni siku ya pili."

Puok alisimama.

"Ni mimi, dada," alisema. Hakumwita madam tena. "Sikutaka mambo ikuwe hivi. Shangazi yangu alipewa kiwanja Sherikat, kule chini kuelekea mto. Juzi alipiga simu, akasema jembe linatoa maganda ya risasi. Kumbe zamani wanajeshi walikaa pale. Nilijua nikiomba mbwa wa kwenda kukagua kiwanja cha mwanamke mmoja nitaambiwa ningoje. Kuna barabara, kuna shule, kuna orodha. Yeye hawezi kungoja, mvua imeanza, ataendelea kulima. Nikachukua Shaba na Radi alfajiri, nikasema nitarudi kabla watu hawajaamka."

"Uliwaachia wakala uyoga," Emilio alisema.

"Wakati nafunga kamba za Radi. Ulikuwa mwingi, umeota duara. Walikula haraka, nikawapigia kelele wakaacha. Nilidhani ni nyasi tu wanatafuna. Halafu..." Alimgeukia Emilio. "Halafu bosi, Shaba aliketi."

Emilio alimtazama kama hajamwelewa.

"Shaba alikuwa hanusi tena," alisema. "Mwaka jana nilimpima mwenyewe. Alikosa yote."

"Aliketi. Ndani ya ule mduara. Nikamvuta, akakataa. Mate yalishaanza kumtoka na bado hakuinuka. Nikamleta Radi upande mwingine, kinyume cha upepo, bila kumwonyesha kitu. Naye akaenda akaketi, wakatazamana."

Hata Adhel, ambaye hakuwa mtu wa mabomu, alielewa kilichosemwa.

"Kwa hiyo kuna bomu," Nyakuon alisema, "kwenye shamba la shangazi yako. Na unajua tangu jana alfajiri."

"Nilichomeka vijiti, nikafunga kitambaa chekundu. Nilimwambia asikanyage. Nilikuwa nitafute njia ya kusema. Halafu Shaba akaanguka, halafu wakamkamata Juliet, kila kitu kikawa..."

Emilio alishatoka. Walimsikia uani akipiga simu, akitaja kifaa kimoja baada ya kingine kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

* * *

Njiani Nyakuon alipita mahabusu na kumtoa Juliet. Juliet alifunga kitambaa chake vizuri, akavaa kandambili, ndipo akauliza.

"Radi iko namna gani?"

"Amekunywa maji."

"Na jana nani alipikia watu?"

"Sidhani kama kuna aliyepika."

Juliet alisonya, akaanza kutembea kuelekea stendi, kisha akarudi hatua chache. "Ni nani alifanya?"

"Hakuna aliyetaka," Nyakuon alisema. "Lakini kuna aliyenyamaza."

Juliet alifikiri kidogo. "Puok," alisema.

* * *

Sherikat ilikuwa na kelele zake za kawaida karibu na daraja, madereva wa malori wakinunua chai na chapati, boda boda zikigombea abiria. Lakini ukiacha barabara na kushuka upande wa mto, nyumba zinapungua, kisha zinakwisha, na kinachobaki ni nyasi ndefu na vigingi vya viwanja vipya. Udongo ulikuwa mweusi. Ulizishika buti za Nyakuon kila hatua.

Bi Nyabol, shangazi yake Puok, alikuwa akiwasubiri kando ya njia, jembe begani. Alikuwa mwanamke mkavu, aliyevuka makamo, aliyerudi kutoka Kakuma baada ya mume wake kuzikwa kule.

"Huyu kijana aliniambia nisisogee," alisema, akimnyooshea Puok kidole. "Hakuniambia kwa nini. Wenzangu walikuja asubuhi na mabeseni kuchuma ule uyoga, nikawafukuza. Wamenuna."

"Umefanya vizuri, mama," Nyakuon alisema. "Uyoga wenyewe ni sumu. Na kuna zaidi."

Kisha akauona.

Alikuwa amesikia neno mduara likitajwa, naye akafikiria vitu vimeota ovyo, karibu karibu. Huu ulikuwa mduara kamili, mpana kuliko chumba, kana kwamba mtu amesimama katikati na kamba akauchora. Uyoga mweupe ulisimama bega kwa bega, kofia zimefunguka kama sahani, na kati yake hapakuwa na pengo ila upande mmoja tu, pale mbwa walipokula. Ndani ya mduara nyasi zilikuwa za kijani kizito kuliko nje. Upepo wa mto ulipita, nyasi za nje zikainama, na uyoga haukutikisika. Vijiti vya Puok na kitambaa chake chekundu vilionekana kitu kidogo sana.

"Juzi haukuwepo," Bi Nyabol alisema kwa sauti ya chini. "Nakwambia, mwanangu, jioni haukuwepo. Asubuhi ukawa hivi."

Emilio hakumruhusu mtu asogee tena. Alizungushia eneo lote kamba, akaweka askari njiani, akawahamisha watu wa nyumba za karibu. Jua lilikuwa limeshaelemea magharibi, na kazi ile haifanywi kwa mwanga wa kukisia. Waliiacha hadi kesho yake.

Asubuhi Emilio alivaa vazi zito na kioo cha usoni, akaingia mwenyewe. Alimruhusu Puok awe wa pili wake, kushika vifaa nyuma ya kamba, na hakumweleza kwa nini. Nyakuon alitazama kwa darubini kutoka mbali, Bi Nyabol pembeni yake. Kifaa cha kutambua chuma kililia kidogo tu. Emilio alilala kifudifudi. Akachoma ardhi kwa ncha ndefu, kwa mshazari, kidogo kidogo, kisha akaanza kuondoa udongo kutoka ubavuni kwa brashi na mwiko. Ilichukua muda mrefu. Mara akasimamisha mikono. Alikaa hivyo, hajisogezi, mpaka Nyakuon akadhani kuna jambo limeharibika.

"Inspekta," sauti yake ilikuja kwenye redio, ya chini, kama ya mtu aliye kanisani. "Natamani ungeona hii."

"Ni nini?"

"Ni bomu dogo, la kukanyaga, kama kopo la rangi ya viatu. Liko hai. Lakini limefunikwa. Kuna nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetoka kwenye uyoga zikapita chini ya udongo, zimelizunguka lote kama wavu. Juu ya kifyatulio pia. Zimepita juu yake na hazikukibonyeza."

Nyakuon aliirudisha darubini machoni. Katika darubini aliona mgongo tu wa mtu aliyelala, na weupe wa kofia ukimzunguka pande zote.

Waliliteketeza palepale. Mlio ulikuwa mfupi, mkavu, na nyangenyange wakainuka mtoni kundi zima. Moshi ulipopungua, nusu ya mduara ilikuwa imekwenda. Nusu ya pili ilisimama kama ilivyokuwa.

Emilio alikagua shimo, kisha akaashiria wakaribie kwa njia iliyosafishwa. Nyakuon ndiye aliyeanza kuona matuta. Yalitoka upande wa njia, yamelimwa vizuri, mstari kwa mstari, yakielekea moja kwa moja kwenye shimo, na yalikoma ghafla, yote kwa pamoja, pale mduara ulipoanzia.

"Mama, mbona uliacha kulima hapa?"

Bi Nyabol alisogea akatazama. "Sikuacha. Siku ile nilianza mapema sana, kabla huyu hajafika na mbwa. Nikalima mpaka nikafika hapa, kukapambazuka, nikauona. Nikasema, kitu kizuri hivi, nikikipiga jembe nitakiharibu. Nikapumzika nimngoje Puok."

Emilio alipiga goti kwenye alama ya mwisho ya jembe. Alitanua kiganja, akakiweka chini, kutoka kwenye ile alama kuelekea mahali bomu lilipokuwa. Viganja viwili. Cha tatu hakikujaa. Akabaki amepiga goti, mkono chini, kichwa kimeinama. Puok aliona naye, akaenda kukaa juu ya tuta mbali na wengine, akajifunika uso.

Bi Nyabol aliutazama mkono ule muda mrefu. Kisha akalitua jembe kutoka begani.

"Yule mbwa aliyekufa," alisema, "aliitwa nani?"

"Shaba," Emilio alijibu.

"Mmeshamzika?"

"Bado. Yuko kwa daktari."

Bi Nyabol aligeuka akakitazama kiwanja chake chote, kutoka kigingi hadi kigingi, ardhi aliyoingoja tangu Kakuma. Alitembea kwa njia iliyosafishwa hadi kona ya juu, iliyokwisha kukaguliwa, ambako mafuriko ya mto hayafiki, mahali ambapo mtu yeyote angejenga mlango wa nyumba. Akalichomeka jembe ardhini likasimama.

"Mleteni," alisema. "Atalala hapa kwangu."

Emilio alimfuata hadi pale. Alivua kioo cha usoni, akaushika mpini wa jembe, akaanza kuchimba.